Niitikie Hadi Nirudi

Bweni la Wasichana, Kanazawa
19 Aprili 1974

Dada Kinue,

Baba angetaka nianze kwa maua ya mcheri, kama watu wenye adabu. Haya, maua yamepukutika, mvua imeyakanyaga, tumemaliza. Mimi sijambo. Nakula, ingawa supu ya miso ya hapa ni maji yaliyosimuliwa habari za miso.

Ulisema nikueleze kila kitu, hata ya kipuuzi. Mlangoni mwa bweni kuna ubao mrefu wenye misumari, na kila msichana ana kibao chake kidogo chenye jina. Upande mmoja jina ni la wino mweusi, maana yake umo ndani. Upande wa pili ni la wino mwekundu, umetoka. Ukipita bila kukigeuza, matroni anakungoja jioni na maneno ya dakika ishirini. Mimi nimeshayapata mara mbili.

Chumba changu ni cha wawili, ila nakaa peke yangu. Mwenzangu anaitwa Isogai Mineko. Alifika siku mbili kabla yangu, akaondoka kabla hatujaonana. Nilikuta godoro lake limekunjwa vizuri kuliko la dukani, na juu yake karatasi. Nakunakilia: "Kwa mwenzangu wa chumba. Samahani kwa kukusumbua kabla hatujajuana. Natoka kwa muda mfupi. Tafadhali niitikie darasani hadi nirudi. Isogai Mineko."

Nilimwonyesha Orie, msichana wa mwaka wa pili anayetuangalia sisi wageni. Nikauliza huyu mtu ameenda wapi, na matroni anajua? Alinitazama kama niliyekanyaga mikeka ya ndani nikiwa na viatu. "Tazuko," akasema, "hapa mwenzako wa chumba akikuomba kitu, unaitikia kwanza. Maswali ni ya watoto." Nikaikunja karatasi, nikaenda zangu. Si wewe uliyeniambia nisiwe mshamba wa kuuliza-uliza?

Kipindi cha kwanza kila siku ni cha Mwalimu Hatano, mzee wa mashairi ya kale. Yeye ndiye anayeita majina, na rejista yake ndiyo inayotumwa nyumbani kwa kadi mwisho wa muhula. Macho yake hayaoni vizuri. Anaisogeza rejista hadi inataka kumgusa pua, na akishaanza kuita hainui kichwa. Tuko arobaini na wawili. Isogai ni wa tatu, mimi Wakui ni wa mwisho kabisa. Kwa hiyo namwitikia yeye "nipo" kwa sauti nyembamba ya chini, kisha nina muda wa kumeza mate na kujiitikia mwenyewe. Siku ya kwanza niliogopa. Sasa nimezoea. Nadhani atarudi wiki ijayo, anikute nimemtendea wema.

Mdogo wako,
Tazuko


Saluni ya Wakui, Anamizu
27 Aprili 1974

Tazuko,

Barua yako nimemsomea Baba hadi pale penye supu, nikaruka yaliyobaki. Alicheka kwa pua. Kisha akachukua nyundo, akapigilia msumari ukutani karibu na saa. Nikamuuliza wa nini. Akasema wa kadi. Unajua kwamba alikuruhusu kwa sharti moja tu, usikose darasa hata siku moja, na sasa kila anayemletea mikeka ya kushona anaonyeshwa huo msumari mtupu. Kwa hiyo wewe hudhuria hata ukitambaa.

Sasa tuje kwako. Mimi nilikwambia usiulize ya kipuuzi, sikukwambia uwe bubu. Mteja akikaa kwenye kiti changu akasema, "Fanya upendavyo," namuuliza mara tatu, maana anayesema hivyo ndiye atakayelia mbele ya kioo. "Muda mfupi" ni siku ngapi? Ameenda wapi? Kwao wanajua? Kuuliza si ujinga, mdogo wangu. Ujinga ni kumwitikia mtu usiyejua hata sura yake.

Uliza. Na ule mboga.

Kinue


Kanazawa
23 Juni 1974

Dada Kinue,

Zile kadi zangu mbili za posta za "sijambo" zilikuwa za kukuzuga. Nisamehe.

Isogai hajarudi, nami naendelea kumwitikia. Sijauliza. Mwanzoni niliona haya. Sasa nikiuliza, itabidi kwanza nieleze kwa nini nimengoja miezi miwili na nusu. Wenzangu hawaniulizi, nadhani wanaamini kwamba mimi najua. Matroni haulizi kwa sababu kibao kiko sawa. Ni mimi ninayekigeuza, pamoja na changu: asubuhi kinakuwa chekundu, jioni cheusi.

Kuna mengine. Wiki iliyopita muuza tofu aliniuliza jina ili aandike agizo la bweni. Nikasema, "Isogai." Sikukusudia, na sauti iliyotoka ilikuwa ile nyembamba ya chini. Kisha Orie, ambaye chumba chake kinapakana na changu, akaniambia kwamba naongea usingizini, tena kwa lafudhi ya milimani, mimi ambaye nimelelewa na kelele za shakwa. Nikauliza nasema nini. Akasema ni maneno yaleyale kila mara: "Bado kidogo nifike."

Alhamisi, tarehe ishirini, nilikuwa na homa. Sikwenda darasani, wala vibao sikuvigusa. Saa nne nilijikokota kwenda msalani nikapita mlangoni. Changu kilikuwa cheusi, kama nilivyokiacha. Cha Isogai kilikuwa chekundu. Jioni nikapita tena, kilikuwa kimerudi cheusi, na wino wake umelowa. Nilimuuliza matroni kama amekigusa, na hilo ndilo swali la kwanza nililomuuliza tangu nifike. Akasema yeye hagusi vibao vya watu. Niliporudi chumbani, mkeka ulio kando ya godoro lake ulikuwa na maji. Ni mvua za Juni, najua, kila kitu hapa kinaota ukungu. Lakini mkeka wa upande wangu ulikuwa mkavu.

Tena jana nilikutana na Mwalimu Hatano ukumbini, nikamsabahi. Akageuza sikio, akatabasamu. "Binti Isogai," akasema, "wewe huna mchezo na masomo." Watu walikuwa wamejaa. Mtu anamsahihishaje mzee mbele ya watu? Nikainama, nikasema asante.

Naogopa, dada.

Tazuko


Anamizu
11 Julai 1974

Tazuko,

Leo sina mzaha. Juni nilikujibu siku ileile nikakwambia nenda kwa matroni ukaseme, na naona hukwenda.

Kadi imefika. Postamasta mwenyewe aliileta, maana na yeye ameshasikia habari za ule msumari. Nakuandikia kama ilivyo: "Wakui Tazuko. Siku alizohudhuria: hakuna." Hakuna hata moja, tangu Aprili. Nimeigeuza nyuma na mbele, nimeisoma kwenye mwanga. Hakuna.

Baba aliisoma akiwa amesimama. Akachukua koleo, akang'oa msumari, akautia mfukoni. Akasema sentensi moja, na unajua kwake hiyo ni hotuba: "Akija likizo, asikate tiketi ya kurudi." Tangu hapo anashona mikeka bila kuinua kichwa. Kulikuwa na wateja wawili dukani, wote walisikia.

Mimi nakuamini, lakini imani yangu haiandikwi kwenye kadi. Likizo ni tarehe ishirini. Una siku chache za kumwona huyo mwalimu. Kama huwezi kusema, andika, lakini usinyamaze tena. Masomo yako yanaondoka hivihivi, nami nimeshika kitana siwezi kukusaidia.

Dada yako


Kanazawa
14 Julai 1974

Kwa Mwalimu Hatano,

Naomba radhi kwa kukuandikia wakati wa joto kali kama huu, na kwa jambo la aibu.

Jina langu ni Wakui Tazuko. Ndimi niliyeinama ukumbini mwezi uliopita uliponiita Isogai. Nilipaswa kukusahihisha, nikashindwa. Isogai Mineko ni mwenzangu wa chumba, na sijawahi kumwona. Aliacha karatasi akiniomba nimwitikie, nami nimemwitikia tangu siku ya kwanza, kisha nikajiitikia mwenyewe. Kadi iliyofika kwetu inasema sikuhudhuria hata siku moja. Nilihudhuria zote, isipokuwa tarehe ishirini Juni, nilipokuwa na homa.

Adhabu ya uongo wangu naipokea. Ila naomba baba yangu ajue kwamba nilikuwepo.

Wakui Tazuko


Kanazawa
16 Julai 1974

Binti Wakui,

Barua yako nimesomewa na mke wangu mara mbili.

Macho yangu yamekwisha, lakini masikio yangu ni mazima. Mtu anaweza kubadilisha sauti, hawezi kubadilisha jinsi anavyovuta pumzi kabla ya kusema. Tangu Aprili nilisikia pumzi moja ikiitikia majina mawili. Kwa kuwa ilianza na Isogai, niliamini kwamba mwenye pumzi ni Isogai, na kwamba Wakui ni mvivu anayelala huku rafiki yake akimwokoa. Nilimwandika Isogai yupo, Wakui hayupo. Ukumbini nilikuita Isogai ili nihakikishe, nawe ukaniinamia. Sikukukemea. Nilingoja uje useme mwenyewe, kama ilivyo desturi yetu. Wewe ulikuwa unangoja niulize. Hapo wote wawili tulikosea, na mimi ndiye mkubwa.

Kadi yako itaandikwa upya. Hilo ni dogo.

Lililonikosesha usingizi ni tarehe ishirini Juni. Nimefungua rejista. Siku hiyo nilipoita Wakui, hakuna aliyeitikia, na ninaamini ulikuwa mgonjwa. Lakini nilipoita Isogai, mtu aliitikia. Haikuwa pumzi yako. Ilikuwa ya mtu aliyechoka, aliyepanda mlima mrefu. Nakumbuka nilijiambia kwamba binti huyu amekuja mbio leo. Nimewauliza wasichana wote arobaini mmoja mmoja, na kila mmoja amekana. Ninazijua pumzi zao, hawadanganyi.

Basi Isogai Mineko yuko wapi? Kesho saa mbili njoo ofisini kwangu, twende kwa mkuu wa chuo na polisi. Njoo useme kwa mdomo. Usiandike tena.

Hatano


Shiramine
9 Agosti 1974

Binti Wakui,

Mimi ni mama yake Mineko. Kuandika si kazi yangu, nisamehe mistari ikipanda kama njia za huku.

Siku ya mazishi uliinama mlangoni kwangu hadi paji la uso likagusa udongo, nami sikukukaribisha ndani. Nilikuwa na hasira. Bado ninayo, ila imepungua kiasi cha kunipa nafasi ya kuandika.

Kadi ya chuo niliipata tarehe kumi na mbili Julai. "Isogai Mineko. Hakukosa hata siku moja." Niliiweka mbele ya picha ya marehemu baba yake, nikapika wali wa maharage mekundu, nikala peke yangu nikiwa na furaha. Wakati huo mwanangu alikuwa korongoni, nyuma ya shamba letu la miforosadi. Alishuka basi kabla ya kituo chetu akafuata njia ya mkato, na theluji ya Aprili ikamporomokea. Theluji ya korongo lile haiishi mpaka mwisho wa Julai. Kutoka pale hadi mlangoni kwangu ni hatua mia nane, nimezihesabu. Nimepita hapo juu kila asubuhi nikichuma majani ya viwavi wangu wa hariri. Polisi walipokuja kuniuliza aliko binti yangu, niliwaonyesha kadi.

Nilitaka kukulaumu wewe peke yako. Lakini mimi ndiye niliyemwambia siku anaondoka, "Usinitumie barua za kulialia. Kadi ya chuo itanitosha." Akasema ndiyo. Yeye kila kitu alisema ndiyo. Kama asingehofia kadi ile, asingekuomba umwitikie. Kama wewe usingemwitikia, ningeulizwa Aprili, ningemtafuta Aprili. Nimezungusha haya kichwani hadi yamekuwa uzi mmoja, na sioni mwanzo wake.

Mwanangu alikuwa mzito wa kusema tangu utoto. Jambo gumu aliliandika kwanza, akalikariri njiani. Ndani ya koti lake walikuta karatasi. Imeandikwa: "Mama, nimerudi. Usikasirike. Nina neno." Baada ya hapo hakuna kitu. Neno lenyewe sitalijua.

Sasa nina ombi. Kuhani wetu anasema siku arobaini na tisa za marehemu, zile ambazo roho haijaenda zake, zihesabiwe tangu Aprili, kwa hiyo zimeshapita. Mimi nahesabu tangu alipoletwa nyumbani. Zitatimia tarehe kumi na saba Septemba. Nimemwandikia mwalimu wenu aliite jina lake asubuhi hiyo, mara moja ya mwisho. Nawe nakuomba, usiitike. Hata ukisikia nini, usiitike. Huko chuoni kwenu bado yupo, na aliyepo mahali hawezi kuwa kwingine. Nataka akosekane huko, ili arudi nyumbani.

Isogai Tomi


Anamizu, 13 Septemba 1974 (kadi ya posta)

Tazuko. Nilikuruhusu urudi kwa neno la mwalimu wako, na sasa kadi mpya imefika. Msumari nimeurudisha. Siku nyingine ukiwa na jambo usingoje nikuulize. Na mimi nilipaswa kukuuliza kabla ya kuung'oa. Nitajaribu. Baba.


Kanazawa
17 Septemba 1974

Mama Isogai,

Nakuandikia leo hii ili nisipunguze wala kuongeza.

Asubuhi ilikuwa na mvua nyembamba. Niliomba kukaa mbele, ili nisiwe na pa kujificha. Mwalimu Hatano aliingia na rejista yake. Hakusema lolote juu ya siku yenyewe, alianza tu kuita, kama kawaida. Wa kwanza akaitikia. Wa pili akaitikia. Kisha akaita, "Isogai Mineko."

Nilikuwa nimejiandaa, lakini mdomo wangu ulifunguka wenyewe. Ulikuwa umezoea, Mama. Ile sauti nyembamba ya chini ilishafika kooni. Niliuma mkono wa sweta langu nikaushikilia kwa meno. Kiti cha kulia kwangu kilikuwa kitupu, na upande ule nikasikia mtu akivuta pumzi, ile ya kabla ya kusema. Mwalimu aliisikia pia, maana aligeuza sikio. Alingoja. Sote tulingoja. Orie alikuwa amesimama mlangoni na matroni, na baadaye aliniambia kwamba kioo cha dirisha la upande ule kilikuwa na ukungu, hapo tu, kwa ndani, kama mtu amekihemea.

Sikuitika. Hakuna aliyeitika. Kisha pumzi ile ikatoka polepole, na baada yake nilisikia mvua peke yake.

Mwalimu akasema, "Hayupo," akaandika. Kalamu yake tuliisikia wote. Wasichana watatu walikuwa wanalia, nami nililia kwa meno yaliyouma sufi.

Akaendelea hadi mwisho. "Wakui Tazuko." Nikasema, "Nipo." Aliinua kichwa, na tangu Aprili sijapata kumwona akikiinua. Akauliza, "Ni nani anayesema?" Nikasimama. Nikasema, "Ni mimi mwenyewe, Mwalimu. Na nilipaswa kusema tangu siku ya kwanza. Nisameheni nyote." Hayo ndiyo maneno niliyokuwa nayo. Nayatuma kwako pia, ingawa najua kwamba hayatoshi.

Mchana nilikwenda kwa matroni nikamwomba kibao cha Mineko, kile chenye jina lake mlangoni mwa bweni. Alisema vibao vya bweni havitoki bwenini. Zamani ningeinama nikaondoka. Nikamuuliza kwa nini, na akikosa sababu anipe. Akakitoa mwenyewe kwenye msumari, akakifuta kwa aproni yake.

Nimekifunga kwenye kitambaa pamoja na barua hii. Kilikuwa chekundu, upande wa aliyetoka; asubuhi hii sikukigusa, wala sitauliza nani alikigeuza. Sijui alitaka kukwambia neno gani, Mama, na nisingethubutu kumsemea tena. Naomba tu ukitundike mlangoni kwako, kwa ndani, upande wenye wino mweusi.

Wakui Tazuko